Mizinga ya mazishi ya kifalme Uingereza: kwa nini 96, kwa nini 41, na kwa nini siku ya maziko hakuna idadi?

Itifaki_01

Wakuu, naandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu hatua za mazishi ya kifalme ya Uingereza na nimekwama kwenye mizinga. Kwa Malkia Elizabeth wa Pili naona 96 tarehe 9 Septemba 2022, kisha 41 na 62 tarehe 10. Halafu tarehe 19, siku ya mazishi yenyewe, imeandikwa tu kwamba mzinga ulipigwa kila dakika, bila idadi. Kwa Mwanamfalme Philip, Aprili 2021, naona 41, ingawa alifariki akiwa na miaka 99.

Huku kwetu tumezoea kusikia rais amepigiwa mizinga 21, basi. Naomba kujua:

Namba hizi zinatoka wapi? Siku ya mazishi nani anahesabu, na anajuaje aache lini? Mzinga ukikataa kulia katikati ya shughuli, inakuwaje? Na hiyo mizinga 96 ilitoka wapi, maana kwenye picha za Hyde Park naona sita tu?

---

Mtutu

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu hapo Kiswahili chenyewe kinatutega. Neno "mizinga" tunalitumia kwa chombo na tunalitumia kwa mlio. Ukisikia "amepigiwa mizinga 21" si vyombo 21 vilivyopangwa uwanjani, ni milio 21. Hyde Park kikosi cha King's Troop, Royal Horse Artillery, huleta mizinga sita, na hiyo sita inapokezana. Milio 96 ukigawa kwa sita, kila mzinga ulilia mara 16.

Mizinga yenyewe ni ya ratili 13 (huo ni uzito wa kombora lake, si wa mzinga), ya zama za Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mmoja huvutwa na farasi sita, na wapanda farasi ni watatu tu, wote wakikaa juu ya farasi wa upande wa kushoto. Mizinga ikishapangwa mstari, farasi hufunguliwa na kuondolewa kabla ya kazi kuanza. Kwenye Tower of London wanaopiga ni Honourable Artillery Company, nao wanatumia mizinga ya kisasa zaidi, L118 ya milimita 105, wakiwa gatini kando ya mto Thames.

Sasa namba. Kuna aina mbili za heshima hapa na wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni heshima ya idadi. Msingi wake ni 21. Ikipigwa kwenye bustani ya kifalme kama Hyde Park au Green Park, huongezwa 20, ndiyo 41. Ikipigwa Tower of London, ambayo ni kasri na ngome ya kifalme, inapata hiyo 41 na 21 nyingine kwa ajili ya Jiji la London, ndiyo 62. Tarehe 10 Septemba 2022 saa 5 asubuhi ilipigwa 41 Hyde Park na 62 Tower kwa sababu Mfalme Charles wa Tatu alikuwa anatangazwa. Hiyo si mizinga ya msiba hata kidogo, ingawa ilipigwa ndani ya siku za msiba. Hata bendera zilipandishwa hadi juu kuanzia saa hiyo mpaka kesho yake mchana, kisha zikashushwa tena nusu mlingoti.

Ya siku moja kabla, saa 7 mchana, ndiyo ya msiba: mlio mmoja kwa kila mwaka wa umri wake, ndiyo 96. Mfalme George wa Sita alipofariki mwaka 1952 ilipigwa 56, umri wake vilevile.

Kwa Philip usitafute umri. Hakuwa mfalme anayetawala, kwa hiyo alipigiwa 41, tarehe 10 Aprili 2021 kuanzia saa 6 mchana. Tofauti kubwa iko kwenye mwendo: kwa Malkia mlio ulikuja kila sekunde 10, kwa Philip kila dakika moja. Msikilizaji aliyesimama pale angeona ya Philip ni nzito na ya huzuni zaidi, na ndivyo ilivyo. Ukimya kati ya mlio na mlio ndio unaobeba maombolezo.

---

Kengele

Aina ya pili ambayo Mtutu hajaifikia ndiyo jibu la swali lako la siku ya mazishi. Hiyo ni mizinga ya dakika, na idadi yake haipangwi kabla. Inapigwa kwa muda wote jeneza linapotembea. Jeneza likianza kusogea, mlio wa kwanza. Likisimama mwisho wa njia, basi. Anayetafuta maana ya idadi ya tarehe 19 Septemba atahangaika bure, kwa sababu milio ile ilikuwa inafuata miguu ya waandamanaji.

Siku hiyo msafara ulitoka Westminster Abbey saa 6:15 mchana kuelekea Wellington Arch, mwendo wa kama dakika 45. King's Troop walipiga mzinga kila dakika kutoka Hyde Park, na Big Ben nayo iligonga kila dakika. Baadaye jeneza lilipofika Windsor na kupanda ile njia ndefu ya Long Walk, mizinga ya dakika ilipigwa tena kutoka uwanja wa mashariki wa kasri. Tarehe 14, jeneza lilipotoka Buckingham Palace kwenda Westminster Hall, ilikuwa hivyohivyo.

Waandamanaji walikwenda hatua 75 kwa dakika. Hatua moja ya gwaride la Waingereza ni kama sentimita 76. Maana yake kati ya mlio na mlio jeneza lilisogea takriban mita 57. Ukijua urefu wa njia unaweza kukadiria milio, na ndivyo wapangaji wanavyojua wabebe risasi baridi (za mlio tu, zisizo na kombora) kiasi gani.

Angalizo moja kwa maelezo yako: usichanganye kengele mbili. Kabla ya ibada, kengele kubwa ya Westminster Abbey iligongwa mara 96, moja kila dakika, kwa umri wa Malkia. Ile ina idadi. Big Ben wakati wa msafara ilikuwa inafuata msafara, kama mizinga.

---

Jemedari_wa_Pwani

Nyongeza ndogo. 21 inatokana na askari saba wanaopiga bunduki mara tatu hewani kaburini. 7 x 3 = 21. Ndiyo asili yake.

---

Nanga

Hapana ndugu yangu, hiyo imeenea sana lakini ni mambo mawili tofauti. Askari wanaopiga bunduki kaburini wanapiga mikupuo mitatu, na hesabu yake ni tatu, wawe askari watano au kumi. Hiyo ni heshima ya askari aliyekufa. Mizinga ni heshima ya cheo au dola. Shughuli moja inaweza kuwa na vyote viwili na bado havijumlishwi.

Asili ya 21 inaelezwa kutoka baharini. Meli ikiingia bandari ya wenyewe ilimwaga baruti ya mizinga yake yote kuonyesha kwamba haina nia ya vita, kwa sababu zamani kuujaza mzinga upya kulichukua muda mrefu. Desturi ikakaa kwenye milio saba ya meli. Ngome ya nchi kavu ilijibu mara tatu ya hapo, kwa kuwa baruti ilihifadhika vizuri zaidi nchi kavu kuliko kwenye unyevunyevu wa bahari. Saba mara tatu, ndiyo 21. Baadaye meli na ngome zikalingana.

Kutoka hapo kunapanda na kushuka kwa cheo, na kwa kawaida kwa namba witwa. Majirani zetu Kenya wanaonyesha vizuri: Moi mwaka 2020 na Kibaki mwaka 2022 walizikwa kwa mizinga 19 kwa sababu walikuwa marais wastaafu, na Raila Odinga mwaka 2025 kwa 17, kama Waziri Mkuu wa zamani. Magufuli mwaka 2021 alifariki akiwa madarakani, kwa hiyo 21. Ndiyo maana namba shufwa kama 96 inakushtua. Mabaharia wa zamani walishika kwamba witwa ni ya furaha na shufwa ni ya kifo, lakini kwa umri hakuna kuchagua, inapigwa miaka aliyoishi mtu.

---

Jemedari_wa_Pwani

Nimeelewa, asante Nanga. Nimekuwa nikiifundisha hivyo kwa vijana, nitarekebisha.

---

BarutiNyeusi

Nijibu la mzinga kukataa, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwanza ujue kinachopigwa. Ni risasi baridi: ganda la shaba, kiwashio kwenye kitako, baruti, na kizibo cha kuishikilia baruti mahali pake. Hakuna kombora. Kazi hii huwa inapenda baruti nyeusi kwa sababu inaungua haraka hata isipobanwa na kitu mbele yake. Baruti ya kisasa isiyo na moshi inahitaji kubanwa na kombora ili ipandishe nguvu. Ukiiweka peke yake ndani ya ganda wazi itatoa mlio hafifu, na punje nyingi zitatoka mdomoni hazijaungua. Baruti nyeusi inakupa ngurumo nzito na lile wingu jeupe.

Hasara yake ni masizi. Yanavuta unyevu hewani na kula chuma. Mtutu uliopigwa leo ukaachwa mpaka kesho kutwa utaanza kutu. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni, burashi mpaka maji yatoke masafi, kukausha kabisa, kisha mafuta. Anayekimbilia kupaka mafuta juu ya masizi anafungia kutu ndani.

Mzinga ukikataa kuna hali mbili, na kwa macho zinafanana. Ya kwanza kiwashio ni kibovu au kimepigwa hafifu, hakitawaka tena. Ya pili moto umechelewa: kiwashio kimeshika cheche, baruti bado, na inaweza kulipuka baada ya sekunde kadhaa. Ukifungua mlango wa nyuma wa mtutu katika sekunde hizo, moto na ganda vinarudi kwako. Kwa hiyo hakuna anayegusa. Mtutu unabaki umeelekezwa upande salama, watu wanakaa nje ya mstari wa nyuma na wa mbele, na unasubiriwa muda wote uliowekwa na kanuni za mzinga huo ndipo unafunguliwa. Katika shughuli ya heshima mzinga huo unatolewa kwenye zamu hapohapo, haurudi.

Mlio wake unachukuliwa na mzinga unaofuata mara moja, bila kusubiri zamu yake. Kamanda haulizi kulikoni, anaamuru unaofuata. Ikifanywa vizuri, msikilizaji wa mbali anasikia pengo la sekunde moja au mbili na hajui kitu.

Hapo ndipo kosa la hesabu huzaliwa. Mtu anayehesabu amri atasema "wa 33", mtu anayehesabu milio atasema "wa 32". Lazima ihesabiwe milio. Wawe wahesabuji wawili wasiosemezana, kila mmoja na karatasi yake, na mwisho maganda yaliyotumika yakusanywe na kuhesabiwa. Maganda hayadanganyi.

Tena risasi baridi haimaanishi risasi salama. Kizibo, punje za moto na upepo wa mlipuko vinatoka mdomoni kwa nguvu ya kuua mtu aliye karibu. Eneo la mbele linafungwa kamba kama vile kuna kombora. Na masikio, tafadhali: vizibo vya masikio kwa kila mtu wa kikosi, wakiwemo wapiga picha wanaobembeleza kusogea.

---

Itifaki_01

Asanteni sana, nilikuwa nimechanganya mengi. Mawili yamebaki.

Moja, kwa nini mizinga sita? Ingekuwa miwili isingetosha, ikiwa mlio ni mmoja kila dakika?

Mbili, kwenye mazishi jeneza lilibebwa juu ya gari la mzinga. Ni mmojawapo wa ile iliyokuwa inapigwa?

---

Mtutu

La kwanza ni hesabu ya zamu. Chukua nafasi kati ya milio, zidisha kwa idadi ya mizinga, unapata muda ambao mzinga mmoja anao wa kufunguliwa, kutolewa ganda, kutazamwa ndani, kujazwa na kufungwa.

Mizinga sita kwa sekunde 10: kila mmoja ana sekunde 60. Inatosha bila kukimbizana. Mizinga miwili kwa sekunde 10: kila mmoja ana sekunde 20. Hapo watu wataanza kuruka hatua, na hatua ya kwanza kurukwa huwa ni kutazama ndani ya mtutu. Na mmoja ukikataa umebaki na mmoja, sekunde 10, shughuli imeharibika.

Kwa mizinga ya dakika, miwili inatosha kwa wakati (dakika mbili kila mmoja), lakini usitoke bila wa tatu wa akiba. Sita kwa dakika inakupa dakika sita kila mmoja, ni raha tupu.

Wenye mizinga ya kale ya kujazwa kwa mdomoni, ile ya ngome za zamani, hesabu yao ni ngumu zaidi. Mfuko wa baruti ukiungua huacha vipande vya kitambaa vyenye makaa ndani. Lazima vitolewe kwa chuma chenye ncha, mtutu usuguliwe kwa sponji iliyolowa, kisha kavu, ndipo mfuko mwingine uingie. Anayeingiza baruti juu ya kaa la moto anapoteza mikono. Vyombo hivyo havifai kabisa kwa mwendo wa sekunde 10 isipokuwa vikiwa vingi.

---

Nanga

La pili: hapana, gari la jeneza ni kitu kingine. Lile lililotumika tarehe 19 ni la Jeshi la Majini na huvutwa na mabaharia kwa kamba, si farasi. Mwaka 2022 walikuwa 142, kati yao 98 mbele wakivuta na 40 nyuma wakishikilia ili lisiteleze kwenye mteremko. Hao wa nyuma ndio breki.

Desturi hiyo ilianzia kwenye hitilafu. Tarehe 2 Februari 1901, kwenye maziko ya Malkia Victoria, farasi wa mizinga walikuwa wamesimama kwenye baridi kali nje ya stesheni ya Windsor. Walipoanza kuvuta, kifaa kinachounganisha farasi na gari kikakatika na farasi wakaanza kuruka. Mabaharia wa gwaride waliokuwa karibu wakaagizwa kushika kamba na kulivuta jeneza wenyewe. Tangu hapo likatumika hivyo kwa wafalme mwaka 1910, 1936 na 1952, kwa Churchill mwaka 1965 na Mountbatten mwaka 1979, mpaka 2022.

Ila tarehe 14 jeneza lilivutwa na farasi wa King's Troop, kwenye gari tofauti. Ukisema "gari la mzinga" bila tarehe utachanganya wasomaji.

---

Kengele

Niongeze kuhusu ishara ya kuanza na kuacha, maana uliuliza na bado haijajibiwa sawasawa.

Wapiga mizinga hawaoni jeneza. Kutoka Hyde Park mpaka Westminster Abbey ni kama kilomita mbili. Kwa hiyo anawekwa mtu karibu na jeneza mwenye redio, na mwingine kando ya kamanda wa mizinga. Mlio wa kwanza haupigwi kwa saa ya ukutani, unapigwa kwa neno la mtu anayeliona jeneza likisogea. Baada ya hapo stopwachi inashika usukani, na redio inabaki kimya mpaka neno la kuacha. Neno la kuacha linatolewa kabla jeneza halijasimama kabisa, lisingojewe mpaka limesimama. Mlio unaochelewa ukaangukia juu ya ukimya au juu ya amri ya kushusha jeneza ni kosa linalosikiwa na dunia nzima.

Jambo lingine ni sauti yenyewe. Inakwenda takriban mita 340 kwa sekunde. Aliye umbali wa kilomita mbili anasikia mlio sekunde sita hivi baada ya moshi kutoka. Ndiyo maana Big Ben na mzinga haviwezi kulia pamoja kwa kila msikilizaji. Wanaotaka vigongane pamoja kwenye televisheni wanataka kisichowezekana kwa aliye barabarani, na hakuna sababu ya kukifukuzia.

Na kuna matumizi ya tatu ya mzinga ambayo hukuyataja. Mazishi ya Philip, 17 Aprili 2021, Windsor. Msafara ulianza saa 8:45 mchana na ulikuwa mfupi, dakika nane tu, na mizinga ya dakika ilipigwa kutoka uwanja wa mashariki. Kisha saa 9 kamili mlio mmoja ukafungua dakika moja ya ukimya wa taifa. Huo haukuwa heshima ya idadi wala ya mwendo. Ni saa ya umma: kila mtu anayesikia anajua sasa.

---

Itifaki_01

Wakuu, nimeandika hivi, naomba mnisahihishe:

"Tarehe 9 Septemba 2022 saa 7 mchana ilipigwa milio 96, mmoja kwa kila mwaka wa umri wa Malkia, kwa sekunde 10 kila mmoja, jumla dakika 16. Aprili 2021 Mwanamfalme Philip alipigiwa milio 41, mmoja kila dakika, jumla dakika 41. Siku ya mazishi ya Malkia, mzinga ulipigwa kila dakika kwa muda wote wa msafara."

---

BarutiNyeusi

Sentensi ya mwisho iko sawa, usiiguse.

Mbili za kwanza zina kosa moja ambalo hata wapangaji wazoefu hulifanya. Mlio wa kwanza unapigwa kwenye sifuri. Kwa hiyo nafasi ni pungufu ya milio kwa moja. Milio 41 ya kila dakika huchukua dakika 40, na ya Philip ilichukua hizohizo 40. Milio 96 ya sekunde 10 ni nafasi 95, yaani dakika 15 na sekunde 50. Unaweza kuandika "karibu dakika 16". Kwa mpango huohuo 21 ni dakika 3 na sekunde 20, 41 ni dakika 6 na sekunde 40, na 62 ni dakika 10 na sekunde 10.

Kwenye risasi kosa hilo linageuka upande wa pili. Msafara wa dakika 45 unahitaji milio 46, si 45, kama ya kwanza na ya mwisho zote zinapigwa. Anayebeba 45 kamili atapungukiwa jeneza likiwa bado njiani. Beba 46, ongeza robo yake kwa akiba ya kuchelewa kwa msafara na viwashio vibovu, na uzigawe kwenye mizinga yote mapema, zisirundikwe mahali pamoja nyuma ya mzinga wa kwanza.

---

Itifaki_01

Nimerekebisha: dakika 40 kwa Philip, karibu dakika 16 kwa Malkia. Na "mizinga 96" nimeibadilisha kuwa "milio 96" kote, isipokuwa panapotajwa ile sita yenyewe.